Fundi wa Mikono Nyuma

Watoto walimwita Babu Mikono Nyuma, na jina lilimkaa kama kofia ya kushonewa. Ukipita pale saa kumi kasoro, shule ikishafungwa, utamwona amesimama katikati ya banda la mabati nyuma ya nyumba yake. Watoto kumi na tano wamemzunguka, wengine wamechuchumaa, wengine wamelala kifudifudi wakitafuta gololi zilizobingirika chini ya meza. Na yeye mikono ameifunga mgongoni, kiganja kimoja kimekamata kifundo cha mkono wa pili, kama polisi aliyejikamata mwenyewe. Wapita njia walidhani ni maringo. Maringo ya nini, jamani, mtu mwenye suruali ya viraka vitatu? Ile ilikuwa adhabu. Alijihukumu mwenyewe, na huu ulikuwa mwaka wa nane anaitumikia.

Kazi yake ilikuwa baiskeli. Miaka arobaini na ushee alikuwa fundi pekee wa vijiji vitano, na katika vijiji hivyo baiskeli ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo lori la mahindi, ndiyo teksi ya bibi harusi. Alikuwa anaisikia baiskeli kabla hajaiona. Mtu anapita zake barabarani, fundi kichwa kiko chini anaziba pancha, utamsikia tu: "Wee! Gololi ya gurudumu la mbele imevunjika moja hiyo, usifike nayo mtoni." Mkifungua, kweli, moja imevunjika. Kwa hilo hakuna aliyembishia.

Ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Hakuweza kumtazama mtu anafanya polepole kitu ambacho yeye angekifanya haraka. Ilimwasha mwilini hivi hivi, kama upupu. Angejikaza kidogo, angekohoa, angehamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, halafu ungesikia: "Lete hapa!" Na kitu kimeshanyakuliwa. Wateja walicheka. Vijana waliokuja kujifunza ufundi hawakumaliza mwezi. Walisema kwa fundi yule unajifunza kushika taa tu. Mke wake, mwanamke wa maneno yake, alikuwa akisema, "Siku nikifa, huyu atamnyang'anya mchimba kaburi koleo, achimbe mwenyewe." Watu walivunjika mbavu.

Binti yao hakucheka.

Alikuwa mtoto wao wa pekee. Tangu ana miaka saba alikuwa haondoki bandani. Anapenda kila kitu cha mle: harufu ya gundi, mlio wa mnyororo, sanduku la spana lenye vyumba vyumba. Na baba yake alimpenda, hilo msimnyime. Alimpenda kupita kiasi, lakini mikono haikujua kupenda. Mtoto akishika kiraka, "Lete hapa." Akishika breki, "Lete hapa, utajikata." Alipotimiza miaka kumi na miwili akaomba afunge gurudumu. Fundi akamkalisha kwenye kigoda, akampa rimu na fungu la spoku, zile njiti za chuma zinazoshika gurudumu. Mtoto akatia ya kwanza. Akatia ya pili, ulimi umetoka nje kwa umakini. Ya tatu. Ya nne ikamsumbua kidogo, nati ndogo ikamponyoka vidoleni.

"Lete hapa, utaharibu rimu ya watu."

Akalimaliza yeye kwa muda wa kunywa chai, huku anapiga mluzi. Hakugeuka. Angegeuka angemwona mtoto bado amekaa vilevile, mkono umebaki wazi, vidole viwili bado vimebana nati ambayo haipo.

Tangu hapo binti akawa haingii. Anasimama mlangoni tu, bega kwenye nguzo, anatazama weee, halafu anaondoka. Fundi akajisemea, ah, amekua msichana, hataki grisi. Hata akafurahi, mjinga yule.

Binti akakua, akaenda mjini, akapata kazi ya kufua mashuka hospitalini, akaolewa, akazaa mapacha. Akaja kurudi mama yake alipofariki. Siku ya tatu baada ya mazishi alikuwa ndani na shangazi yake, yaani dada wa fundi, wanakusanya nguo za marehemu. Binti anafunga furushi, machozi yanamtoka, fundo likawa linateleza. Fundi alikuwa kwenye kiti pembeni. Mtu amefiwa na mke wa miaka thelathini na mitano, kichwa kimekufa ganzi, lakini mikono iko macho.

"Lete hapa."

Binti akaliachia furushi likaanguka chini. Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza.

"Baba, maisha yangu yote umenifundisha kitu kimoja tu. Kwamba mikono yangu haifai."

Akachukua begi lake, akaenda kulala kwa shangazi, asubuhi akarudi mjini. Tangu siku hiyo alikuwa akipiga simu kila mwezi bila kukosa. "Shikamoo baba. Hujambo? Mvua zimenyesha? Haya, baba, kaa vizuri." Adabu tupu. Adabu ile ndiyo iliyomla fundi moyo. Afadhali angetukanwa, mtu ungejua pa kuanzia kuomba radhi.

Basi wiki chache baada ya msiba, fundi amekaa nje peke yake, akapita msichana mdogo wa darasa la kwanza anakokota baiskeli ya baba yake, kubwa kuliko yeye mara mbili. Mnyororo umetoka. Mikono ya fundi ikawa imeshanyanyuka. Ikafika nusu ya njia. Pale pale akasikia yale maneno, kama yanasemwa sikioni, na mikono akaificha nyuma haraka, kama mwizi aliyeonekana.

"Irudishe mwenyewe, mama," akasema. "Mimi natazama tu."

Ilichukua karibu saa nzima. Mtoto alipaka grisi mpaka kwenye nyusi. Fundi ndiye aliyetoka jasho. Mnyororo uliporudi mahali pake mtoto alipiga ukelele uliosikika mpaka shuleni, na kesho yake akaja na wenzake watatu.

Ndivyo lile darasa lilivyoanza. Kila siku ya shule, kengele ya mwisho ikilia, wanakuja. Bure. Hakuna aliyetoa hata kipande cha sabuni. Mzazi mmoja alikuja amekunja uso: "Bure? Bure ya nini? Wewe mzee unataka nini kwa watoto wetu?"

"Nataka kelele," fundi akamjibu. "Nyumba yangu imenyamaza mno."

Yule mzazi akakaa juu ya tairi la trekta akawa anawachunga kwa jicho kali. Jua lilipoanza kushuka, mwanawe wa miaka tisa alikuwa amefungua breki za baiskeli yake zote na kuzifunga upya. Akaondoka nayo bila neno, na hakuuliza tena.

Kwa nini wasije? Shuleni kulikuwa na vitabu vitano kwa watoto sitini, na kila kitu wanaambiwa tu: hiki ni chuma, hiki ni mpira, andikeni. Kwa babu unafungua, unanusa, unakosea, unarudia. Mwalimu wa hesabu alishangaa watoto waliokuwa hawajui sehemu wanajua ghafla robo ni nini. Walikuwa wanazungusha nati ya spoku robo, robo, robo, mpaka gurudumu linyooke; ukizungusha nusu badala ya robo linakwenda upogo, na unaliona kwa macho yako linavyoyumba. Sheria ya babu ilikuwa moja: aliyefungua ndiye anayefunga. Sheria ya watoto nayo ilikuwa moja: mikono ya babu ikionekana mbele, yeyote aliyeiona kwanza anapiga kelele, "Babu, mikono nyuma!" Naye anaruka, anaificha, banda zima linaangua kicheko.

Askari mkuu wa sheria hiyo alikuwa Chiriku, msichana wa miaka kumi na minne aliyepewa jina hilo kwa mdomo usiolala. Ndiye yule wa mnyororo, yule wa siku ya kwanza. Baba yake alishauza baiskeli, na wao walikuwa wanakaa ng'ambo ya vilima viwili, mbali kuliko wote. Chiriku alitembea saa nzima na nusu kuja shule, na saa nzima na nusu kurudi, na hakukosa banda hata siku moja.

Mwaka huo watoto walikuwa wanamjengea Chiriku baiskeli. Fremu ilitoka jalalani, pedeli ya kulia na ya kushoto hazikuwa ndugu, kiti kilishonwa kwa ngozi ya mkoba. Ilibaki kitu kimoja tu, gurudumu la nyuma. Rimu ilikuwepo, spoku thelathini na sita zilikuwepo, zimefungwa kwa mpira.

"Hilo mliache kwanza," fundi akasema.

"Babu! Mimi ndiye natembea!"

"Natambua unatembea. Liache."

Alikuwa na sababu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Dada yake, aliyekaa nyumba ya jirani na kumpikia, alikuwa amempigia binti simu: "Njoo umwone baba yako, jana katia chumvi kwenye chai akanywa yote akisema ni tamu." Binti akaomba ruhusa kazini ya siku mbili. Atafika Alhamisi.

Fundi aliposikia, alikiosha kile kigoda kwa brashi. Kigoda kilekile. Alitaka jambo moja tu duniani, na alilitaka mpaka usingizi ukampotea: binti yake akae pale, afunge gurudumu zima, spoku ya kwanza mpaka ya mwisho, na yeye asimame hapo mikono iko nyuma, asiguse. Basi. Neno la kuomba radhi lilikuwa limemkwama kooni miaka minane, hakujua hata linaanzaje. Gurudumu lingesema kwa niaba yake.

Sasa kuna jambo la ufundi hapa ambalo ni lazima mlijue, na nitalisema mara moja. Gurudumu lina njia mbili za kulifunga. Fundi mwenyewe, enzi zake, alikuwa anafunga upande mmoja wote kwanza: anajaza tundu moja, anaruka moja, mpaka spoku kumi na nane zimeingia. Halafu analigeuza na kujaza yale aliyoyaruka. Ni njia ya haraka, lakini ukiruka vibaya mara moja tu umeharibu kila kitu. Kwa ajili ya watoto akatunga njia nyingine, akaiita jirani kwa jirani: tundu hili, kisha linalofuata, kisha linalofuata, usiache wazi hata moja. "Ukiona pengo, umekosea!" Miaka minane aliwaimbia wimbo huo, mpaka ile njia yake ya zamani ikamtoka kichwani kabisa.

Alhamisi binti akafika mchana. Alikuwa amenenepa kidogo, mikono imekauka kwa sabuni za hospitali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umefika. Karibu. Karibu sana. Safari je?"

"Nzuri, baba."

Akamtazama macho, akamtia dawa matone mawili mawili, akamwambia ni mtoto wa jicho, huondolewa hospitalini, asiogope. Wakanywa chai. Shangazi akajaribu kuchangamsha barazani, akasimulia habari ya jogoo wake asiyejua asubuhi. Binti akacheka pale panapopaswa. Kengele ya shule ilipolia, fundi alishtuka kama yeye ndiye mwanafunzi.

Watoto wakajaa bandani. Binti akafuata taratibu, akaishia mlangoni. Bega lake likaenda lenyewe kwenye ile nguzo. Akatazama. Mmoja anapiga msasa tyubu, wawili wanabishana juu ya spana, na baba yake anapita katikati yao anaelekeza kwa kidevu.

"Baba," akauliza, "umeumia mikono?"

Fundi akafungua mdomo.

"Hajaumia!" Chiriku akadakia, nani angemuwahi. "Ndivyo anavyofundisha. Yeye asiposhika, sisi ndio tunashika. Akishika tunampigia kelele."

"Tangu lini?"

"Tangu alipokufa bibi. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza, waulize hawa."

Binti akaiangalia mikono ile mgongoni. Akamtazama baba yake, na baba yake akaitazama sakafu, akaona aibu na furaha pamoja. Watoto, hata Chiriku, wakahisi kuna kitu kikubwa kimeingia mle ndani wakapunguza sauti.

"Kuna gurudumu pale," fundi akasema. Sauti ilikuwa nyembamba. "La huyu mtoto. Nililiweka tu... kama una nafasi, mama. Kama hujachoka."

Binti akatazama kigoda. Akatabasamu, kidogo, upande mmoja wa mdomo, vilevile alivyokuwa akifanya marehemu mama yake. Akakunja mikono ya gauni, akaingia, akakaa.

Jamani, furaha aliyokuwa nayo mzee yule! Alisimama nyuma yake, kifundo amekikamata sawasawa. Spoku ya kwanza ikaingia. Ya pili. Vidole vyake vilikuwa vizito mwanzoni, halafu vikachangamka, vikawa vinaenda vyenyewe. Ya tano, ya nane. Hakuuliza kitu. Watoto wakaacha kazi zao wakasogea. Nati moja ikamponyoka ikabingirika, na mikono ya fundi haikutikisika. Binti akaiokota, akaipuliza vumbi, akaendelea. Fundi akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Ya kumi na mbili. Ya kumi na nne. Binti akaanza kupiga mluzi chini chini, mluzi wa baba yake.

Na hapo fundi akainama kidogo ili aone vizuri. Ukungu wa macho ulimwachia aone kipande kidogo tu cha rimu, pale karibu na goti la binti yake. Spoku. Kisha tundu tupu. Kisha spoku.

Pengo.

Akajiambia, nyamaza, mzee. Akikosea atagundua mwenyewe. Aliyefungua ndiye anayefunga. Binti akatia ya kumi na tano, na ya kumi na sita, pengo limeachwa nyuma, linazidi kwenda, na kila spoku inayoongezwa ni kazi ya kuja kufumuliwa. Fundi akakohoa. Akahamisha uzito mguu wa kulia. Akahamisha mguu wa kushoto. Aliona atakavyofika mwisho na spoku zimezidi, atakavyoaibika mbele ya watoto, na yeye hakutaka aaibike, wallahi hakutaka, siku ya leo kuliko siku zote. Ilikuwa huruma. Iandikwe kwamba ilikuwa huruma.

"Lete hapa."

"Babu, mikono nyu—" Chiriku akapiga kelele, lakini alichelewa. Gurudumu lilikuwa limeshatoka mapajani kwa binti. Lilikuwa mikononi mwa baba yake, na kidole gumba kilikuwa kimeshaanza kuifungua ile spoku ya mwisho.

Hakuna aliyecheka.

Binti alibaki amekaa vilevile. Mkono wake mmoja ulikuwa wazi, vidole viwili vimebana hewa. Safari hii fundi aliuona. Aliuona vizuri sana, ukungu au si ukungu.

"Mama," akasema, "shika. Shika uendelee. Sikukusudia, mama, ilikuwa tu..." Akamsukumia gurudumu kifuani.

"Hapana, baba." Binti akainuka, akashusha mikono ya gauni lake. Uso ulikuwa mtulivu kabisa. "Maliza tu. Wewe ndiye fundi. Mimi nimechoka na safari."

Akawaaga watoto, akawaambia baiskeli yao ni nzuri. Akaenda nyuma ya nyumba kunawa, akasugua grisi mpaka vidole vikawa vyeupe.

Walikula pamoja, wakazungumza habari za hospitali ya macho na tarehe ya kwenda. Asubuhi, binti alipokuwa anafunga begi, zipu ikakwama. Akahangaika nayo, akaivuta mbele, akairudisha, akapaka sabuni, akavuta tena. Fundi alisimama mlangoni mikono iko nyuma, kucha zimezama kwenye nyama. Alihimili mpaka mwisho. Zipu ikafunga.

"Haya, baba. Kaa vizuri."

"Haya, mama. Wasalimie wajukuu zangu."

Dada yake alimsindikiza binti mpaka barabarani. Aliporudi alisimama mbele ya kaka yake, mikono kiunoni, amejaa maneno ya kumpa. Alipomwona alivyokaa, akayameza yote, akaenda kumchotea maji ya kunawa.

Mchana watoto wakaja kama kawaida, ila waliingia kwa adabu. Gurudumu lilikuwa juu ya meza pale lilipoachwa. Chiriku akalichukua, akalizungusha, akakunja uso.

"Babu, hili limefungwa ajabu. Kila baada ya tundu moja, moja limerukwa."

"Kuna pengo," fundi akasema kwa uchovu. "Alikosea pale katikati. Lifumue uanze upya."

"Si pengo moja. Ni yote. Moja ina, moja haina, moja ina, moja haina. Mpaka mwisho. Tena zimelingana kabisa, tazama."

Fundi akalipokea. Macho hayakumsaidia, basi akafumba, akapitisha kidole kwenye rimu. Spoku. Tupu. Spoku. Tupu. Kidole kikazunguka gurudumu zima. Kumi na tano zilikuwa zimekaza sawia, na ya kumi na sita imelegezwa kwa gumba lake mwenyewe. Upande mmoja wote, bado mbili ageuze.

Akakaa chini. Alikaa kwenye sakafu, juu ya vyuma na vumbi.

Ilikuwa njia yake. Ile ya enzi zake, ya haraka, ambayo hakuwahi kumfundisha mtu yeyote kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa kwenye kigoda kile muda wa kutosha kufundishwa.

"Nani alimfundisha hivi?" Chiriku akauliza. "Mbona sisi hujatufundisha?"

"Nipigie simu," fundi akasema. "Simu iko mfukoni. Namba ya mama yule. Mimi sioni."

Chiriku akapiga, akampa. Ililia muda mrefu.

"Shikamoo baba. Nimefika salama."

"Marahaba. Mama... lile gurudumu." Akatafuta maneno. "Hukukosea."

Upande wa pili mapacha walikuwa wanagombania kitu. Mlango ukafungwa, kukawa kimya.

"Najua, baba."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nimebakiza mbili nigeuze."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Ningesema nini, baba? Ulikuwa umeshalichukua."

Fundi akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Sikuwahi kukufundisha njia ile."

"Nilikuwa nasimama mlangoni," binti akasema. "Kila siku, baba. Ni vile tu hukuwa unageuka."

Hapo ndipo lile neno lilipotoka, lililokwama miaka minane. "Nisamehe, mama." Likatoka dogo, likiwa limechakaa.

"Haya, baba."

"Utakuja umalizie? Sitashika. Nitatoka nje kabisa, nitakaa kwa shangazi yako."

"Tutaona, baba." Na kila mtu anajua tutaona maana yake nini. "Dawa ya macho umetia?"

"Nimetia," akasema, naye alikuwa hajatia.

Simu ikakatika. Watoto walikuwa wanamtazama.

"Anakuja?" Chiriku akauliza.

Fundi alilipapasa lile gurudumu. Angependa kulitundika gurudumu lile ukutani lisiguswe na mtu mpaka siku yule aliyelianza atakaporudi. Akamtazama Chiriku, akatazama miguu yake yenye vumbi la vilima viwili.

"Limalize wewe, mama. Kaza hiyo iliyolegea. Ongeza mbili, halafu geuza, ujaze yale matupu. Usifumue hata moja ya kwake."

Chiriku akakaa kwenye kigoda. Fundi akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akaweka bega kwenye nguzo. Miaka arobaini na ushee ya kazi na hakuwahi hata siku moja kulitazama banda lake kutoka pale. Akajitahidi kuona mtu anaona nini akisimama hapo. Aliona mgongo. Mgongo wa anayefanya kazi, na pembeni, juu ya bega, kipande chembamba cha rimu kinachopita na spoku zake, kinapita tena.

Kwa kipande hicho tu mtoto wake alijifunza yote.

Mikono ya fundi ikatoka nyuma, ikaja mbele, ikafunika uso, na mzee akalia waziwazi mbele ya watoto kumi na tano. Chiriku aligeuka akaiona ile mikono. Wote waliiona. Hakuna aliyepiga kelele.